Kina cha Mwisho

Jumatatu niliamka nikaita, "Twalib!"
kikatoka kitu kama bawaba ya mlango wa stoo.
Harusi ni Alhamisi.
Arbuni ya Bi Athiya nimeshaila:
imekuwa viatu vya shule na mabati mawili
juu ya jiko letu la Langoni.

Daktari alinimulika koo kwa tochi.
Nyuzi zimevimba, mama. Nyamaza.
Hata kunong'ona usinong'one,
kunong'ona ni kuburura kamba juu ya jiwe.
Usijikohoze. Maji, mvuke, usingizi.
Nikamwonyesha vidole vitatu: siku tatu.
Akainua mabega
kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisicho chake.

Basi kila mtu mtaani akawa tabibu.
Tangawizi. Asali na ndimu. Karafuu chini ya ulimi.
Mke wa jirani akaleta yai bichi,
nikalirudisha kwa heshima zote.
Nilijifunika shuka juu ya sufuria ya maji moto,
gizani, nikiiva kama mkate wa mofa.

Niliandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu:
Chumvi imezidi. Nani yuko mlangoni?
Shekuwe, si kweli, na unajua si kweli.
Mume wangu alisoma polepole, akacheka.
Miaka kumi na sita, leo kwanza
amemaliza sentensi.

Na watu, ajabu, humdhani bubu ni kiziwi.
Bi Athiya alisimama dakani kwangu
akamwambia dada yake, mimi nikimtazama:
"Tungemchukua yule wa Malindi."
Kisha, kwa sauti nyingine:
"Mtoto akishaondoka, nyumba nzima ile nitakaa na nani?"
Daftari halikuwa karibu.
Na lingekuwapo, ningeandika nini?

Alfajiri ya Alhamisi punda wa jirani alilia
kwa pafu zima, bure, bila mazoezi.
Nilimwonea wivu hadi nikacheka,
na lile cheko likawa na sauti. Kidogo. Nzito,
ya mjomba mvuta sigara.
Nikamwandikia Bunu wa kinanda:
Teremsha. Teremsha tena.
Na pale ninapozoea kupanda, panda wewe.

Usiku, uwani: wanawake, udi, feni mbili.
Nilianza chini kabisa, sakafuni mwa koo.
*Mwanangu ingia ndani, mlango umefunguka.*
Ikabeba. Ubeti wa pili ukabeba.
Wa tatu, nilifika kwenye kina cha kati,
*Taa ipo dirishani,*
koo likafunga kama duka wakati wa sala.

Bunu alizunguka mara moja, mara mbili, akiningoja.
Nilikuwa nimeandika *hata kukipambazuka*.
Nililiandika usiku, nikalipenda.
Lakini wanawake hawa wamekulia ndani ya vina,
wanajua neno linakokwenda kabla halijavaa buibui.
Wakalitafuta. Huyu katoka na *zuka*, yule na *ruka*,
fujo, vicheko, mizani ikimwagika hapa na pale,
hadi nyuma, penye sinia za halua,
mtu mmoja akasema (hakuimba, alisema tu):
*sitochoka kuiweka.*

Mizani nane. Nilihesabu kwa mazoea.
Uwa ukatulia.
Alikuwa Bi Athiya, kijiko mkononi,
hajui aangalie wapi.

Tukalirudia lile lake, mara nne,
wao juu, mimi chini na makofi.
Langu sikulitoa. Liko bado daftarini,
kati ya jedwali la saba na la nane.

Salio alilipa kamili, noti zimekunjwa ndogondogo,
hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama.

Sauti imerudi, karibu yote.
Ubeti ule bado nauimba, harusi kwa harusi,
naufikisha kwenye kina cha kati
halafu nafunga mdomo, makusudi,
nisikie uwa huu una neno gani.